LORI LENYE TELA NA JOTO LA SAFARI
Mafunzo ya kuiongezea injini uwezo wa kupoa

Barabara kuu itokayo Mombasa huanza karibu na usawa wa bahari, nayo hufika Nairobi ikiwa imepanda kiasi cha mita 1,700. Kupanda huko si kwa ghafula. Ni kupanda kwa pole pole kupitia Mariakani, Voi, Mtito Andei na Sultan Hamud, katika mwendo wa karibu kilomita 480. Lakini sehemu kubwa ya njia hiyo hupita katika nyika yenye jua kali, na lori lililojaa shehena na kuvuta tela nyuma yake hufanya kazi saa baada ya saa bila ya kupata nafasi ya kupumua. Kila asafiriye njia hiyo amepata kuona malori yaliyosimama kando, mvuke ukitoka mbele, dereva amejishika kiuno, na taniboi akienda huku na huko na dumu mkononi akitafuta maji.

Kusimama huko si jambo dogo. Mwenye lori aghalabu ni mtu aliyekopa fedha ili alinunue, na deni halingoji injini ipoe. Injini iliyochemka mara moja tu yaweza kupinda silinda hedi, kuunguza gasketi, au kukwaruza pistoni, na matengenezo yake huweza kula faida ya miezi mingi. Kama mzigo ni nyanya au maziwa, huharibika njiani. Tena lori lililozimika penye kona usiku ni hatari kwa kila anayekuja nyuma yake. Kwa hiyo yafaa kila mwenye lori, dereva na fundi waelewe joto la injini hutoka wapi, huondolewa kwa njia gani, na ni kitu gani kiongezwe wakati lori linapotakiwa kuvuta tela katika nchi ya joto.

JOTO HUTOKA WAPI

Injini ya dizeli hula mafuta na kuyageuza kuwa nguvu, lakini haiwezi kuyageuza yote. Katika kila mafungu kumi ya nguvu iliyomo katika mafuta, yapata mafungu manne tu huenda kuzungusha magurudumu. Mengine hutoka na moshi, na fungu moja katika kila manne, kwa makadirio, huingia katika maji ya kupozea injini. Joto hilo ndilo lipasalo kutolewa nje na rejeta.

Na ichukuliwe mfano wa mtu mwenye lori ambalo pamoja na mzigo wake lina uzito wa tani 20. Kazi yake ilikuwa ikienda vizuri, naye akaona heri aongeze tela, ili kila safari imletee fedha maradufu. Sasa lori na tela pamoja vina uzito wa tani 40. Kuinua tani 40 kwa kimo cha mita 1,000 kwahitaji yapata lita 28 za dizeli, bila ya kuhesabu zile ziliwazo na msuguano wa magurudumu na upepo. Katika kuunguza lita hizo, joto liingialo katika maji latosha kuchemsha kiasi cha debe 40 za maji baridi, kila debe lita 20. Bila ya tela, joto lingalikuwa la debe 20 tu. Injini ni ile ile, rejeta ni ile ile, na feni ni ile ile, lakini kazi ya kupoza imekuwa maradufu. Mtu huyo amenunua tela, asijue ya kuwa rejeta yake nayo imepewa kazi ya rejeta mbili.

MAJI NI HAMALI TU

Watu wengi hudhani ya kuwa maji ndiyo yapozayo injini. Kwa kweli maji ni hamali. Huchukua mzigo wa joto kutoka katika kuta za silinda, huupeleka katika rejeta, huukabidhi kwa upepo, kisha hurudi kuchukua mzigo mwingine. Pampu ya maji humsukuma hamali huyo asilale. Themostati ni bawabu amwambiaye wakati wa kwenda katika rejeta na wakati wa kubaki ndani ya injini. Feni na mwendo wa lori huleta upepo upokeao mzigo. Mmoja wao akilegea, joto hukaa ndani ya injini.

Sharti ijulikane pia ya kuwa rejeta hutoa joto kwa kadiri ya tofauti iliyopo kati ya maji na hewa. Maji yakiwa digrii 95 na hewa digrii 25, tofauti ni 70. Hewa ikipanda kuwa digrii 35, tofauti ni 60. Maana yake ni kwamba siku ya joto rejeta hupoteza sehemu moja katika kila saba za uwezo wake, hata ikiwa mpya kabisa.

Nchi ya juu nayo ina taabu zake mbili. Ya kwanza, hewa ni nyepesi. Katika kimo cha Nairobi hewa imepungua kwa karibu sehemu moja katika kila sita, kwa hiyo feni yazunguka kama kawaida lakini hewa ipitayo ni kidogo. Ya pili, maji huchemka mapema. Kwa kila mita 300 za kupanda, kiwango cha kuchemka hushuka kwa digrii moja hivi. Pwani maji yaliyo wazi huchemka kwenye digrii 100. Nairobi kwenye 94 hivi. Na Timboroa, palipo juu ya mita 2,700, karibu na 91. Wapishi wa nchi za baridi wanajua jambo hili, maana ndilo linalochelewesha maharagwe kuiva. Dereva naye hana budi kulijua.

KWANZA KURUDISHA, KISHA KUONGEZA

Kosa lionekanalo mara nyingi ni kununua rejeta kubwa kabla ya kuchunguza iliyopo. Lori lililotembea miaka kumi aghalabu limekwisha poteza sehemu ya uwezo wake wa kupoa, na fedha ya kwanza yapasa kutumiwa kuurudisha uwezo huo.

Uchunguzi huanzia nje. Mapezi ya rejeta hujaa vumbi, mbegu za nyasi, wadudu na oili, hata upepo usipate njia. Yaoshwe kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, tena kutoka upande wa injini kwenda nje, ili uchafu urudi ulikotoka. Maji ya nguvu ya mashine yakipigwa karibu, mapezi hulala na upepo huzuiwa zaidi kuliko mwanzo. Mahali palipo na rejeta ndogo ya hewa ya tabo, ambayo mafundi huiita intakula, uchafu hujificha katikati ya hizo mbili. Fundi asiyezitenganisha ataosha uso tu.

Kisha huja ndani. Ikiwa injini ilinyweshwa maji ya visima vyenye chumvi, ukoko wa chokaa hushika katika mirija, kama ule uonekanao ndani ya birika la kuchemshia maji. Ukoko huo, ujapokuwa mwembamba, huzuia joto kutoka. Fundi mwenye kipimajoto cha kuelekeza kwa mbali aweza kuipima rejeta uso mzima injini ikiwa moto. Mahali penye baridi kuliko kwingine pana mirija iliyoziba. Asiye na chombo hicho na amtafute fundi wa rejeta aifungue na kuisafisha.

Kipimo kingine ni cha maji yaingiayo na maji yatokayo. Lori likiwa kazini, tofauti kati ya paipu ya juu na ya chini huwa digrii chache, kama tano hadi kumi. Tofauti ikiwa kubwa mno, maji hayaendi upesi: pampu imelegea, mkanda unateleza, au paipu ya chini imenyonywa ikajikunja. Tofauti ikiwa ndogo na huku injini ina moto mwingi, maji yanakwenda vizuri lakini hayaachi joto: upepo haupiti, au ukoko umeshika. Kwa njia hii mtu huutambua ugonjwa kabla ya kununua dawa.

Mwisho, paipu za mpira zibonyezwe kwa mkono. Iliyovimba, iliyopasuka au iliyokuwa laini kama sponji ibadilishwe, maana ndiyo ya kwanza kupasuka mlimani. Na kama maji hupungua bila ya kuonekana yavujapo, fundi apime kama moshi wa injini unaingia katika maji. Ukiingia, gasketi imekwisha kuharibika, na rejeta kubwa haitamsaidia mtu.

UPEPO NDIO MNUNUZI WA JOTO

Lori likienda kilomita 80 kwa saa, mwendo wenyewe huleta upepo wa kutosha. Lakini katika mlima lori lenye tela huenda kilomita 15 au 20 kwa saa, nao upepo utokao baharini huenda pamoja nalo kwa mwendo kama huo huo. Hapo ni kama lori limesimama, na kazi yote huiangukia feni.

Kwa hiyo feni yastahili kuangaliwa kabla ya rejeta. Malori mengi yana klachi ya feni, ambayo hushika joto linapopanda na kulegea joto linaposhuka. Klachi iliyochoka hailii wala haitoi dalili tambarare. Hujulikana mlimani tu, kwa kuwa feni haitoi ule mvumo wake mkubwa. Dereva aliyeizoea gari yake husikia tofauti hiyo. Klachi ya namna hiyo yafaa ibadilishwe, isifungwe moja kwa moja kwa misumari kama wafanyavyo wengine, kwa sababu feni izungukayo daima hula mafuta. Feni ikizungushwa mara mbili ya mwendo wake hutaka nguvu mara nane.

Jambo jingine ni kava ya feni, yaani duara la bati au plastiki linaloizunguka. Mafundi wengi huiondoa ili wafikie injini kwa urahisi, wasiirudishe. Bila ya kava, feni huvuta hewa ya moto iliyo kandokando yake badala ya kuivuta kupitia katika rejeta. Kuirudisha kava, na kuziba kwa mpira au bati nafasi zilizo kandoni na juu ya rejeta, ni matengenezo ya bei ndogo yaletayo faida kubwa. Kadhalika mataa ya ziada, vibao vya majina na magunia yafungwayo mbele ya lori hula upepo. Katika miaka ya 1950 madereva walikuwa wakitundika mifuko ya turubai yenye maji mbele ya motokaa, nayo maji yakapoa kwa upepo. Desturi hiyo ilikuwa nzuri kwa mwenye kiu, lakini mfuko uliotundikwa mbele ya rejeta uliiziba pumzi.

KUCHAGUA REJETA KUBWA

Ikiwa yote yaliyotajwa yamefanywa, na bado joto lapanda tela likifungwa, hapo wakati wa kuongeza umefika. Inafaa kwanza kuuliza kama mtengenezaji wa lori ana rejeta ya nchi za joto au ya kuvutia tela kwa lori la namna hiyo hiyo. Rejeta hiyo huingia mahali pake bila ya kukata chuma, na pampu yake huijua.

Kama haipatikani, fundi wa rejeta aweza kutengeneza kiini kipya chenye safu nyingi zaidi za mirija, na kukilehemu katika matangi ya zamani. Lakini ni vizuri kufahamu hesabu yake. Safu ya kwanza hupata hewa baridi. Ya pili hupata hewa iliyokwisha pata moto. Na ya nne hupata hewa ya moto zaidi. Kwa hiyo kutoka safu mbili kwenda nne hakuongezi uwezo maradufu. Tena kiini kinene huzuia upepo, nayo feni dhaifu hushindwa kuupitisha. Rejeta yenye uso mpana huishinda rejeta nene, kila ikiwezekana kupata nafasi.

Shaba na alumini zote mbili hufaa. Shaba ni nzito, lakini fundi wa Voi au Makindu mwenye moto na risasi aweza kuilehemu ikitoboka. Alumini ni nyepesi, na mirija yake hufanywa mipana ikatoa joto vizuri. Ila nyingi zina matangi ya plastiki, ambayo hupasuka kwa uzee na hayalehemiki kandoni mwa njia. Mwenye lori apime mahali afanyiapo kazi kabla ya kuchagua.

KIFUNIKO NA THEMOSTATI

Kifuniko cha rejeta si kizibo tu. Ndani yake mna springi ifungayo mvuke, ili maji yasichemke upesi. Kifuniko cha paundi 15 huinua kiwango cha kuchemka cha maji matupu, katika usawa wa bahari, kutoka digrii 100 hadi karibu 120. Springi ikilegea au mpira ukikatika, akiba hiyo yote hupotea, na maji huchemka njiani ingawa injini haikuzidi moto wake wa kawaida. Kifuniko kipya cha kipimo kile kile ni dawa ya bei ndogo kuliko zote. Lakini haifai kufunga chenye nguvu kupita kilichoandikwa na mtengenezaji, kwa kuwa rejeta na paipu za zamani zitapasuka.

Kuhusu themostati, mazungumzo ya karakana mara nyingi huwa kama haya:

“Kijana wangu, ing'oe hiyo themostati uitupe. Inayazuia maji.”

“Mzee, nikiing'oa nitakuharibia gari. Hiyo ina mlango wa pili. Maji yakipata moto, inaufungua mlango wa kwenda katika rejeta, na wakati huo huo inaufunga mlango mdogo wa kurudi katika injini. Nikiitoa, mlango mdogo unabaki wazi, na maji mengine hayatafika katika rejeta kabisa.”

“Lakini wenzangu wote wametoa, na geji zao hukaa chini.”

“Tambarare, ndiyo, Mzee. Injini inakuwa baridi mno, oili haipati joto lake, na laina zinalika. Lakini mlimani, lori likiwa na tela, ndipo wanaposimama.”

Maneno ya kijana huyo ni ya kweli kwa injini nyingi za malori. Themostati nyingi huanza kufunguka kwenye digrii 82 hivi. Iliyokwama ibadilishwe na nyingine ya kiwango kile kile. Kabla ya kuifunga, itumbukizwe katika sufuria ya maji motoni. Ikifunguka maji yanapokaribia kuchemka, ni nzima.

MAJI YA NAMNA GANI

Maji matupu huchukua joto vizuri kuliko kitu chochote kitumiwacho katika rejeta. Hata hivyo maji matupu huleta kutu, nayo injini za dizeli zina ugonjwa mwingine. Laina hutetemeka kwa mapigo ya pistoni, vipovu vidogo hutokea upande wa maji na kupasuka, na kila kimoja kipasukapo hudonoa chuma. Baada ya miaka laina hutoboka, maji yakaingia katika oili. Dawa iliyomo katika kulanti ya magari mazito hujenga ngozi nyembamba juu ya chuma na kuzuia jambo hilo. Kwa hiyo kulanti si kitu cha nchi za theluji tu, kama wengi wadhanivyo.

Mchanganyiko wa nusu kwa nusu hufaa kwa malori mengi, na huongeza pia kiwango cha kuchemka kwa digrii chache. Kupita hapo hakuna faida, kwa kuwa kulanti tupu huchukua joto kidogo kuliko maji. Maji ya kuchanganyia yawe laini na safi: ya mvua yaliyokingwa vizuri, au yale yauzwayo kwa ajili ya betri. Maji ya chumvi ya visima vya nyika, ya bahari, au ya mto yenye matope yasitumiwe isipokuwa kwa kuokoa safari, na baadaye yamwagwe yote. Aina mbili za kulanti zisichanganywe bila ya kusoma maandishi yake. Tena kulanti nyingi ni sumu yenye ladha tamu. Iliyomwagwa katika karai isiachwe mahali ambapo watoto, mbwa au mbuzi waweza kuinywa.

OILI NAYO YATAKA KUPOZWA

Tela haliipi kazi injini peke yake. Giaboksi nayo hupata moto, hasa zile zinazojibadilisha zenyewe, ambazo siku hizi zimo katika pikapu nyingi zivutazo matela madogo. Mafundi huhesabu ya kuwa kila digrii kumi za ziada hupunguza uhai wa oili kwa nusu. Rejeta ndogo ya oili ni nyongeza ya busara. Lakini mahali pa kuifunga ni muhimu: ikiwekwa mbele kabisa ya rejeta kubwa, hewa itakayoifikia rejeta itakuwa imekwisha pata moto. Ikiwezekana ikae kandoni, mahali penye upepo wake yenyewe.

DEREVA NI SEHEMU YA REJETA

Nyongeza zote zilizotajwa haziwezi kumsaidia dereva asiyejua kupanda mlima. Joto hufuata nguvu itumiwayo. Anayepanda kwa kilomita 20 kwa saa badala ya 30 huipa injini yake theluthi moja pungufu ya joto kwa kila dakika. Atachelewa kidogo, lakini atafika.

Tena abadilishe gia mapema. Injini iliyolemewa katika gia kubwa huunguruma kwa mwendo mdogo, na feni na pampu nazo huzunguka pole pole wakati zinapohitajiwa zaidi. Gia ndogo huizungusha injini upesi, upepo na maji yakaongezeka, na huku lori halitumii nguvu zaidi. Mwenye geji aiangalie kabla ya mlima, si baada yake. Ikianza kupanda, azime mashine ya kupoza chumba cha dereva na apunguze mwendo. Wakati wa jua la mchana ukiweza kuepukwa, safari ya alfajiri ni bora.

Uzito nao ni jambo la dereva na mwenye mali. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 juu ya uzito wa magari imeweka mwisho wa tani 56 kwa lori na tela lenye ekseli saba, na mizani ya Mariakani na Athi River hupima. Lakini sheria ya barabara siyo kipimo cha injini. Kila lori lina uzito wake wa kuvuta ulioandikwa na mtengenezaji, na rejeta yake ilifanywa kwa uzito huo. Hakuna rejeta iwezayo kumsamehe mtu auzidishaye.

LORI LIKICHEMKA NJIANI

Hata aliyejitayarisha vizuri aweza kupatwa. Mambo yafuatayo yashikwe na dereva pamoja na taniboi wake:

1. Tafuta mahali palipo wazi, mbali na kona, utoe lori njiani. Weka pembetatu za tahadhari mbele na nyuma, na vizuizi chini ya magurudumu. Ukitumia mawe, yaondoe yote kabla ya kwenda. Jiwe lililoachwa barabarani huua mwenye pikipiki usiku.

2. Kama maji bado yamo na hayamwagiki, iache injini iendelee kuzunguka bila ya mzigo, kwa mwendo juu kidogo ya kawaida, ili feni na pampu zitoe joto. Kama maji yamemwagika, zima mara moja.

3. Usiiamini geji wakati maji yamekwisha. Kipimo kisichoguswa na maji chaweza kuonyesha baridi na huku injini inaungua.

4. Usifungue kifuniko. Ngoja nusu saa au zaidi, mpaka paipu ya juu ishikike kwa mkono bila ya kuuma. Maji yaliyofungiwa katika digrii 110 hugeuka mvuke mara kifuniko kifunguliwapo, na kumrukia mtu usoni. Kuna vijana waliopoteza macho kwa haraka ya dakika tano.

5. Ukifungua, tumia kitambaa kinene, geuza uso kando, na uzungushe pole pole mpaka mvuke wote utoke.

6. Usimwage maji baridi katika injini yenye moto. Chuma hupasuka. Tia maji kidogo kidogo injini ikiwa imepoa, kisha iwashe uendelee kuongeza.

7. Usianze tena safari bila ya kujua sababu. Lori lililochemka mara moja bila ya kuchunguzwa litachemka mara ya pili mahali pabaya zaidi.

DAFTARI YA LORI

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Mwenye lori na amnunulie dereva wake kijitabu kidogo. Katika kila safari iandikwe: uzito wa mzigo, saa ya kuupanda mlima, geji ilifika wapi, na maji kiasi gani yaliongezwa. Dereva atakayeona ya kuwa mlima ule ule, kwa mzigo ule ule, umeanza kuipandisha geji zaidi ya mwezi uliopita, atakuwa ameonywa kabla ya mvuke kutoka. Ataosha rejeta jioni moja, au atanunua mkanda, badala ya kununua silinda hedi.

Kwa yule mtu wa tani 40, hesabu yake basi si ngumu. Kwanza aoshe, apime na kuziba nafasi za upepo. Pili abadilishe kifuniko, paipu, mkanda na themostati zilizochoka. Tatu atengeneze klachi na kava ya feni. Nne, ikiwa bado geji yapanda, ndipo anunue rejeta yenye uso mpana. Na kabla ya hayo yote, asome katika kitabu cha lori lake kama injini hiyo ilifanywa kuvuta tani 40. Ikiwa haikufanywa, tela lake na lifungwe kwa mzigo mdogo, ama lipewe lori lililo na nguvu zake. Faida ya safari moja yenye mzigo wa kadiri, ifikayo kila juma, ni kubwa kuliko ya safari nzito iishiayo kando ya njia.